Hundi ya Saba

Des Moines, Oktoba. Theluji ya kwanza imekosea tarehe.
Mzee Lindqvist, aliyetajirikia pampu za visima,
anaandika hundi ya saba mezani jikoni,
miguuni soksi tu.
Jina la Thaddeus halimo.
Hundi haina mstari wake.

Miaka thelathini kitanda kimoja, bili moja ya umeme,
kisha wodini akaambiwa: ndugu wa damu tu ndio huingia.
Akakesha koridoni na koti la mgonjwa mapajani,
mfukoni mwake risiti ya mkate.

Siku hizi wagombea humpigia wenyewe, asubuhi na mapema.
Mkono mtupu haulambwi;
wake hulambwa hadi kiwikoni.
Yule seneta aliyetaja "maumbile" mara tisa bungeni
kaangushwa kwa kura mia na kumi na mbili,
kafungasha picha zake katika boksi la ndizi.

"Umenunua sheria, mjomba,"
mpwa wake alisema, bila hasira.

Lindqvist akaupuliza wino.
"Nimenunua.
Bei ilikuwa mbaya, na nimechelewa.
Lakini usiku huu kuna mtu koridoni,
kashika koti."