Dole ni Langu

Sikuajiriwa kuuza mvinyo.
Mvinyo unajiuza, zabibu za Hombolo hazina haya.
Niliajiriwa kutunza ndiyo za watu
na hapana zao.

Ofisi iko Nkuhungu, juu ya duka la nyaya na balbu.
Vumbi la Septemba linapita chini ya mlango
bila kuomba ridhaa ya mtu.
Nafuta meza, nawasha kompyuta, nafungua jedwali:
tarehe, saa, alichokubali, alichokataa,
na maneno aliyoonyeshwa kabla hajajibu.
Majina hayamo. Mahali pa jina
pana msururu wa herufi na tarakimu,
mrefu kama behewa za mizigo zikiingia stesheni.

Vinaitwa vidakuzi.
Nyemo wa meza ya pili alicheka siku ya kwanza:
"Jina lenyewe linanuka udaku!"
Ndiyo maana tunabisha hodi, nikamjibu.
Kisanduku kinachomoza chini ya kioo, kinauliza,
na kidole chenye haraka kinajibu.
Sekunde moja na nusu.
Hakuna jicho linalosoma vile.

Nilijua kwa sababu nilikuwa nahesabu na sekunde.
Kisha nikaifuta safu ile.
Nani aliniruhusu kupima haraka yake?

*

Walikuja Mvumi na kibweta cha wino wa zambarau.
Shangazi Sechelela akaambiwa ni mambo ya kisima,
akaweka dole.
Kisima hakikuja.
Yalikuja mawe meupe, yakasimama mstari
katikati ya uwele wake.
Barazani wakamkunjulia karatasi: hili dole ni lako?
Akalitazama kama mtu aliyemwona mbuzi wake
kwenye zizi la jirani.
"Dole ni langu," akasema. "Maneno si yangu."

Hakuna aliyekuwa na nakala ya maneno aliyosomewa.

*

Kwa hiyo natunza maneno.
Toleo la kwanza lina kosa:
tuliandika "tunatimia" tulipotaka "tunatumia".
Kwenye tovuti tumesahihisha. Kwenye kumbukumbu, hapana.
Ndilo waliloliona wale mia tatu na kumi na mmoja,
ndilo walilolikubali, na kosa lake.

Jumanne alikuja mkaguzi, Bwana Chidawali,
koti limemkaa kama la kuazima.
Hakutaka chai. Alitaka mstari mmoja tu,
akaweka kalamu juu yake:
Februari, saa tano na dakika kumi na nne usiku, ndiyo.
Juni, mtu yule yule, hapana. Nisahauni.
"Mmemsahau?"
Tumemsahau.
"Mnajuaje?"
Tumeandika.

Akanitazama. Nikamtazama.
Chini dukani mtu alikuwa anajaribu balbu,
inawaka, inazima, inawaka.
Ili nimsahau mtu inanipasa nikumbuke
kwamba aliniambia nimsahau,
la sivyo kesho nitambishia tena hodi
kama mgeni asiye na aibu.
Bwana Chidawali akagonga muhuri.
Ilipotimia saa saba akaomba ile chai.

*

Mwezi Aprili shangazi hupiga simu akiwa shambani,
akiamia ndege kwenye kipande kilichobaki.
Kati ya sentensi mbili hupiga debe, ndege huruka,
sikio langu huuma.
"Bado unaandika hapana za watu?"
Bado, shangazi.
"Mshahara wanakupa?"
Wananipa.
"Basi andika na yangu."

Naiandika. Tarehe ya leo?
"Ya leo ya nini? Ya siku ile ya wino."

Jedwali langu halirudi nyuma.
Nimelifunga mwenyewe lisirudi, ili liaminike;
mtu akichomeka siku iliyopita, linakataa kwa rangi nyekundu.
Natafuta namna ya kumweleza.
Debe linalia. Ndege wanaruka, wanatua ng'ambo ya mawe.
"Upo?"
Nipo.
"Umeandika?"