Buluu Gani?

Duka letu liko Barabara ya Kirinyaga,
kati ya muuza beringi na fundi wa kuchomelea vyuma.
Mimi ndiye mchanganya rangi. Tazama kucha zangu.
Mteja akisema "nipe buluu",
humuuliza, kama baba mdogo alivyonifunza:
buluu gani?

Maana lugha yetu ni tajiri, tena ni bahili.
Nyeupe tulizaliwa nayo, na nyeusi, na nyekundu;
hizo huinama kila jina likipita:
kikombe cheusi, mlango mwekundu, mawe meupe.
Buluu haiinami.
Ilikuja na mzigo wake, ikapewa kiti, ikakaa,
na hadi leo husubiri "cha" au "ya" au "wa" iishike mkono.
Samawati tuliiazima mbinguni.
Nili ilitoka kwa bibi.

Bibi, Alhamisi, akifua shuka:
kidonge cha nili ndani ya kitambaa, beseni likageuka wino,
na shuka likatoka jeupe kuliko lilivyoingia.
Utotoni nilidhani ni uongo.
Sasa nauza uongo huohuo kwa lita:
tone la buluu ndani ya ndoo ya nyeupe,
na dari ya mtu inapumua.

Akina mama wa kanisa hutaka ile ya joho la Maria,
kwa kijisanamu kilichobanduka pua.
Bi Swafiya wa Pangani huitaka kwenye fremu za dirisha,
iwe sawa na shanga ya kifundo cha mjukuu wake,
husuda ikipita isione pa kuingilia.
Na tangu askari wavalishwe buluu,
yuko mzee mmoja wa Kariobangi, mwenye nyumba za kupangisha;
milango yake yote kumi na miwili
ameipaka kahawia. Sikumuuliza.

Juzi Jumanne, mvua ikianza,
aliingia mwanamke na mfuko wa unga uliokunjwa mara nne.
Ndani, kipande cha plasta, ukubwa wa biskuti.
"Hii," akasema.
Nikamwonyesha kadi. Akatikisa kichwa.
Nikachanganya. Akatikisa kichwa.
Nikatia nyeusi kwa ncha ya msumari,
kisha njano kidogo, kwani buluu ikizeeka hukimbilia majani.
Akatia mate kidoleni, akakisugua kile kipande.
"Itazame ikiwa mbichi. Ndivyo ilivyokuwa tingatinga lilipofika.
Usiku kulikuwa kumenyesha."

Mengine aliyasema bila kuombwa.
Ilikuwa sebule, kule Mukuru. Kilonzi ndiye aliyeichagua,
majirani wakacheka: umepaka nyumba rangi ya pipa la maji!
Naye akawajibu, pipa lenyewe limekauka,
acheni ukuta ubebe.

Mara ya saba, ikaingia.
Mimi sikuona tofauti na ya sita.
Yeye aliiona. Akasema, basi.
Robo lita.

"Utaipaka wapi, mama?"

"Ukuta bado sijapata."

Alilipa kwa sarafu, akaziba kifuniko mwenyewe
kwa kisigino cha kiatu, akatoka akikwepa mkokoteni.

Katika daftari langu, ukurasa wenye doa la chai:
nyeupe arobaini, buluu tano, njano nusu,
nyeusi ncha ya msumari.
Mahali pa jina sijaandika kitu.
Kile kipande alikisahau kaunta, au alikiacha, sijui.
Kimo mfukoni mwa aproni,
kikavu, kijivu, si kitu cha kumwonyesha mtu;
ila mchana, joto likizidi, nikikigusa kwa jasho la kidole,
kinaamka.