Jalada la Upanga

Mwombeki ananirudishia fomu.
"Mama, hili bado ni siri."

Siri ya nani, mwanangu?
Ripoti hiyo niliipiga chapa mimi,
kurasa tisini na mbili, nakala nne za kaboni,
masika yale maji yalipojaa Jangwani,
na herufi "r" ya mashine ikikwama,
hata kila "hatari" nikalazimika kuligonga mara mbili.

Watafiti walipita Keko, Tandika, Mbagala,
wakiuliza watu wanaogopa nini.
Watu wakasema: giza. Kipindupindu.
Kugongewa mlango usiku na asiyejitaja.
Maneno yao wenyewe hayo,
yakafungwa kamba, yakapewa namba,
na leo mjukuu wa aliyeyasema
akiyataka, aombe kibali.

Mwombeki anauchezea muhuri.
Jalada hajawahi kulifungua, naye haruhusiwi;
amekalia chungu asichojua kimepikwa nini.

Basi naegemea meza, namnong'oneza
pendekezo la saba, ukurasa wa mwisho.
Kichwa kimesahau mengi, vidole havijasahau:
"Wananchi waelezwe."

Feni inazunguka.
Anautazama mlango, kisha mimi.

"Na la sita, Mama?"