Vuta Pumzi, Izuie

Miaka thelathini na minne nilipiga picha za vifua
katika chumba kisicho na dirisha, hospitali ya Friedrichshain.
Simama wima. Mabega mbele. Vuta pumzi. Izuie.
Nimeona mbavu za madereva wa tramu,
sarafu ndani ya tumbo la mtoto,
moyo wa mpiga tarumbeta uliolala upande wa kulia
kama mgeni aliyekosea kitanda.
Kwa hiyo msiniambie mnara una uso.
Uso ni wa wale wanaoshuka kwenye treni,
wanasimama katikati ya uwanja, wanainua simu, wanaondoka.
Mnara mzima, kutoka unyayo hadi sindano.
Picha ya pasipoti.

Mimi Ortrud Kasulke nauvizia.
Hodi hupigwa, pasi hupigwa, chafya hupigwa,
na picha nayo hupigwa, ila
kuna kupiga kwa kubisha, na kuna kupiga kwa kuiba.

Nimeupiga katika kioo kidogo cha Bi. Lohse, daktari wa meno:
nilimwomba akigeuzie dirishani, mdomo wangu ungali wazi,
na tufe likakaa kati ya magego mawili
kama jino la tajiri.
Nimeupiga kwenye kisu kirefu cha Rüstem, mchoma kebabu,
ukiwa umepinda, unachuruzika mafuta.
Siku ya ukungu nimepiga shina peke yake.
Gernot wa ghorofa ya pili akasema, hilo ni bomba la moshi.
Nikamwambia, subiri.
Anasubiri hadi leo.
Nimeupiga kupitia tundu la kifungo, koti la marehemu mume wangu.
Hiyo sionyeshi mtu.

Tena kuna ule msalaba.
Jua likiligonga tufe, msalaba wa mwanga hujichora pale juu,
na wakuu wa enzi zile, wasiotaka misalaba,
wakabaki kukuna vichwa.
Mama alikuwa akivuta pazia kwanza,
ndipo acheke.

Sasa, Jumanne iliyopita.
Mvua ilikatika saa nne, ikaacha dimbwi kando ya Saa ya Dunia,
dimbwi jembamba, la muda, la kuwahiwa.
Nikalala kifudifudi, shavu kwenye jiwe,
kamera ikikaribia kulamba maji.
Mle ndani mnara ulining'inia kichwa chini
na njiwa akanywa kwenye ncha yake.
Nikavuta pumzi. Nikaizuia.

Ukiwa na miaka sabini na mitatu, ukalala chini uwanjani,
hakuna anayefikiria sanaa.
Mwanamke akapiga ukelele. Mwingine akapiga simu.
Mtu akanifunika blanketi linalong'aa kama karatasi ya chokoleti,
na kila nilipofungua mdomo kujieleza
wakasema, masikini, anaweweseka.

Kijana wa gari la wagonjwa aliitwa Thilo,
ndevu bado zinaomba ruhusa.
Akaniwekea chuma baridi mgongoni.
Vuta pumzi, bibi. Izuie.

Maneno yangu!
Maelfu kwa maelfu niliwaambia,
na hakuna hata mmoja aliyewahi kunirudishia.
Sikujua yana ubaridi huo. Sikujua kwamba ukiizuia
unasikia mlango mdogo ndani ukigongwa, ukigongwa,
na wewe ndiye mwenye nyumba.

Wakanipandisha, kichwa kikitangulia,
milango ya nyuma ikiwa bado wazi.
Nikatazama kuelekea miguuni:
kushoto kisigino kilichoisha, kulia kamba iliyofunguka,
na katikati ya viatu vyangu viwili vilivyolowa
mnara umesimama
kama mtu aliyekuja kunitazama wodini,
hajui aketi wapi.

Kamera ilikuwa mfukoni mwa Thilo, kwa usalama.
Naye Thilo alikuwa amesimama mlangoni, mpana, mwema,
akiandika jina langu vibaya.

Kijana, nikasema,
sogea kidogo. Umenizibia.