Ukurasa wa Sitini na Moja

Nakala nne, wanafunzi hamsini na wawili.
Arua, Jumatatu, saa nane mchana.
Riwaya ni ya juzijuzi, mwandishi wake yu hai,
jambo linalomshangaza Ezati:
"Kumbe wanaandika wakiwa wazima?"

Tunafika sitini. Tunafunua. Sitini na tatu.
Fundi wa fotokopi aliiruka karatasi ile ile
katika nakala zote nne.
Mama alikuwa mlangoni, barua mkononi;
ng'ambo ya pili, nyumba imeshauzwa.

Nikasema: basi andikeni kilichopotea.

Andama akaleta wakili, hati na muhuri.
Ezati akaleta bunduki. Nilijua ataleta.
Kiden, aliyevushwa mpaka
mgongoni mwa dada yake,
akaandika mistari miwili tu:

"Mama aliikunja barua hadi ikawa kama kidonge.
Akaniuliza kama nimekula."

Darasa likanyamaza.
Nami nikaanza kutafuta chaki
niliyokuwa nimeishika.

Mwezi uliofuata nikaletewa kitabu kizima toka Kampala.
Ukurasa umo. Mzuri, sioni dosari.
Nilikaa nao siku tisa bila kuwasomea,
mkoba ukinilemea begani kama mzigo wa wizi.
Lakini mtihani utauliza huo,
alama ishirini na tano,
na mtahini hamjui Kiden.

Jana nimewasomea, taratibu, mpaka nukta ya mwisho.
Wakanakili. Ezati alitaka kujua bunduki iko wapi.
Kiden akainua mkono nusu, kama kawaida yake:

"Mwalimu, mbona humu
hakuna aliyemuuliza mtoto kama amekula?"