Mengineyo

Zamani basi la Jumanne lilipita tupu,
likirushia matope kabichi za Hermitas.
Kisha likaacha kupita.
Siku hizi kituo kimo ndani ya simu.

Anavaa miwani ya marehemu mumewe,
anabonyeza kwa kidole kilichozoea chuchu za ng'ombe.
Unakwenda wapi?
Anaijibu kwa sauti, jikoni, peke yake.
Sababu ya safari?
Hospitali. Benki. Mazishi.
Hospitali alikwenda Ijumaa.
Benki hana kitu.
Mazishi, bado, asante.

Ng'ambo ya vilima vitatu yuko Obdulia.
Walikosana mwaka ule wa theluji kubwa
kwa sababu ya jogoo.
Jogoo aliliwa, ugomvi ukasazwa.

Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi:
Mengineyo.
Hapo anabonyeza.

Saa nne kasorobo gari dogo jeupe
linapanda kona za Courel, likipenya ukungu.
Eladio, dereva, anasoma kwenye skrini
jina moja, kiti kimoja,
sababu: mengineyo.
Haulizi.
Anashuka, anamfungulia mlango,
anampokea kapu lililofunikwa kitambaa;
na kabla hajaliweka chini
kapu linawika.