Mpaka Mia

Lusungu Kihongosi alifika saa mbili asubuhi,
ukungu ungali umelalia chai,
kofia ya sufu hadi nyusini, spana mbili mfukoni.
"Kamwene," akasema, kisha akakigonga chuma kwa kifundo cha kidole:
ngo. Ngo.
"Hiki kilikufa zamani. Mnakilindia nini?"

Sikumjibu. Ningemwambia nini fundi wa kutwa?
Kwamba baba alikuwa mtu wa moto wa nyumba hii,
akiamka saa kumi kuchochea tanuri nyuma ya jiko,
miwati mibichi ikimtoa machozi,
ili meneja aoge bila kusaga meno.
Kwamba mama, dobi, meneja akishashuka kiwandani,
alizianika nepi zangu juu ya mbavu za rejeta,
akageuka, akaegemeza mgongo, akafumba macho,
akahesabu mpaka mia.
Hakuwahi kuvuka mia. Hata siku moja.

Sasa nyumba ni ya wageni, na funguo ziko kwangu.
Tanuri lilipasuka mwaka ule sakitu ilipounguza chai yote ya bondeni.
Wageni wa Juni huandika kitabuni:
"Chai nzuri. Taulo mbichi."
Nikaagiza Mafinga ngazi hii ya kung'aa,
ya umeme, vipago saba,
na kitaa chekundu kama jicho la sungura.

Kung'oa ndiko kazi.
Nati na bomba walikuwa wameshaoana;
Lusungu akazipaka oili, akazibembeleza,
akazitukana kwa Kihehe, mwishowe akazikata.
Rejeta ikatapika maji meusi yenye harufu ya sarafu.
Tuliibeba watu wanne, tukapumzika mara tatu kabla ya kufika uani.
Ukutani ikabaki alama yake,
mstatili wa krimu, rangi ya nyumba ilipozaliwa,
na chini, ndani ya vumbi, pini moja ya nepi,
kichwa chake cha plastiki ya buluu.
Nikaitia mfukoni kabla fundi hajauliza.

Jioni mama akaja kukagua.
Akavua kitenge cha mabegani, akakitundika kipago cha tatu,
akangoja, akakinusa, akacheka kidogo.
"Inafanya kazi. Na hakuna aliyeamka saa kumi."
Halafu mwili wake ukageuka wenyewe, kwa mazoea,
akaegemea,
akaruka.
"Aka! Inauma mbavu. Mtu ataegemea ngazi?"

Saa tatu kasoro umeme ukakatika.
Jicho la sungura likafumba.
Taulo za watu wa chumba namba mbili zikapoa gizani.

Asubuhi, ukungu ulipoachia,
nilimkuta uani juu ya kigoda,
mgongo kwenye rejeta tuliyoisimamisha ukutani
ikimsubiri mnunuzi wa vyuma chakavu.
Chuma kilikuwa kimeshika jua la saa nne.
Macho kafumba, midomo inacheza.
Nikasogea, nikasikiliza:
mia na kumi na mbili,
mia na kumi na tatu.